Namna Vipokezi vya Seli Vinavyoshusha Joto la Wanyama Wadogo, na kwa Nini Mtoto Mchanga Hana Uwezo Huo

Kati ya Juni na Agosti, baridi ya Mlima Rungwe huteremka hadi Kata ya Bagamoyo, mjini Tukuyu (si Bagamoyo ile ya Pwani, ambako blanketi hutumika mara chache). Wakazi huongeza nguo na kukoka moto. Kirukanjia anayepita chini ya majani makavu ya msituni hana njia hizo. Uzito wake ni gramu chache tu, na kadiri mnyama anavyokuwa mdogo ndivyo ngozi yake inavyokuwa kubwa ikilinganishwa na mwili unaozalisha joto. Hupoteza joto upesi na hulazimika kula karibu muda wote. Chakula kikikosekana, baadhi ya wanyama wadogo hufanya jambo ambalo kwa binadamu ni hatari ya kifo: huliacha joto la mwili lishuke.

Hali hiyo ni usingizi mzito wa kuhifadhi nishati. Imethibitishwa kwa baadhi ya virukanjia, popo na panya, na hata kwa komba wadogo wa kusini mwa Afrika. Panya wa maabara, ambaye joto lake la kawaida ni nyuzi 37 hivi, akinyimwa chakula katika chumba chenye ubaridi hushuka chini ya nyuzi 31 kwa saa kadhaa, kisha hujipasha mwenyewe. Kindi wa Aktiki, huko Alaska, hushuka hadi karibu nyuzi 3 chini ya sifuri bila damu yake kugeuka barafu.

Amri ya kushusha joto hutokana, kwa sehemu kubwa, na kemikali ambayo kila mwili unayo. Seli hutumia nishati iliyohifadhiwa katika kemikali iitwayo ATP, na ATP inapotumika, mojawapo ya mabaki yake ni adenosini. Adenosini inayotoka nje ya seli hukutana na vipokezi, yaani protini zilizokaa kwenye utando wa seli zikisubiri kemikali maalumu, kama kufuli linavyosubiri ufunguo wake. Vipokezi vya adenosini ni vya aina nne, na kinachohusika zaidi hapa huitwa A1. Kikishikwa, taarifa hupita hadi ndani ya seli, kemikali zinazoichochea hupungua, milango ya potasiamu hufunguka, na seli ya neva hunyamaza.

Mambo hayo yakitokea katika sehemu za ubongo zinazosimamia joto, amri ya kuunguza mafuta ya kahawia hupungua, kutetemeka hukoma na mapigo ya moyo hupungua. Mnyama huyo hajashindwa na baridi. Kiwango cha joto ambacho ubongo wake unakilinda ndicho kilichoshushwa, na ndiyo maana anapoa bila kupambana.

Ushahidi wa jambo hili unagusa zao ambalo wakulima wa Rungwe wanalifahamu vizuri. Majani ya chai yana kafeini na kiasi kidogo cha theofilini, kemikali zinazoingia katika vipokezi vya adenosini bila kuviamsha, hivyo kuizuia adenosini yenyewe. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, panya waliokuwa wamepoa kwa njaa walipewa chini ya ngozi aminofilini, dawa ya jamii ya theofilini iliyotumika kwa miaka mingi kutibu pumu, nao wakarejea katika joto lao. Hilo halina maana kwamba kikombe cha chai ni tiba ya baridi.

Huko Alaska, watafiti walifanya kinyume chake: waliwapa kindi dawa inayoamsha kipokezi cha A1. Katikati ya majira ya usingizi, kindi wote sita walilala na kupoa. Mwanzoni mwa majira hayo walikuwa wawili kati ya sita, na wakati wa kiangazi hakupoa hata mmoja. Kwa hiyo kipokezi peke yake hakitoshi. Ni lazima mwili uwe umejiandaa. Kipokezi hichohicho kimo pia katika moyo wa binadamu, na kukiamsha kiholela huweza kupunguza mapigo kwa kiwango cha hatari.

Mtoto mchanga, hususan aliyezaliwa kabla ya wakati, anafanana na wanyama hao kwa umbo dogo na kwa kuwa na mafuta ya kahawia, lakini hana uwezo wa kupoa kwa usalama na kurejea. Shirika la Afya Duniani huhesabu joto lililo chini ya nyuzi 36.5 kuwa ni upungufu wa joto kwa mtoto mchanga. Zipo hospitali duniani ambazo hupoza kwa makusudi watoto waliokosa hewa wakati wa kuzaliwa, kwa saa 72, chini ya uangalizi maalumu. Hata hivyo, utafiti uliofanyika India, Sri Lanka na Bangladesh, na kuchapishwa mwaka 2021, ulionesha kwamba katika hospitali zilizoshiriki vifo viliongezeka miongoni mwa waliopozwa.

Kinachoshauriwa kwa mtoto aliyezaliwa njiti au na uzito mdogo ni huduma ya kangaruu, yaani kumbeba kifuani ngozi kwa ngozi, mara tu baada ya kuzaliwa. Shirika hilo lilitoa mwongozo huo mwaka 2022. Kwa watoto wachanga wote, kuoga kusubiri angalau saa 24, na kichwa kifunikwe kwa kofia. Mtoto ambaye miguu na tumbo lake ni vya baridi, amelegea au ameacha kunyonya, abebwe ngozi kwa ngozi na kufikishwa katika kituo cha afya bila kusubiri kupambazuke.