Kusoma hakuna njia moja kwa watoto wenye mahitaji maalum

MWALIMU anapoandika ubaoni silabi ba, be, bi, bo, bu na kuliagiza darasa zima lizisome kwa sauti, watoto wengi huitikia kwa wimbo mmoja. Hata hivyo, huenda katika darasa hilo yupo asiyeuona ubao, asiyeisikia sauti ya mwalimu, na mwingine anayeona na kusikia vyema lakini herufi zinamchanganya.

Kwa muda mrefu watoto wa aina hii wameitwa wazembe au wajinga, wakalazimishwa kurudia darasa hadi wakaiacha shule. Ukweli ni kwamba wengi wao wanaweza kusoma, mradi mwalimu atambue kwanza ni nini hasa kinachomzuia kila mmoja.

Mtoto asiyeona husoma kwa ncha za vidole, kwa kutumia maandishi ya nukta nundu yaliyobuniwa na Mfaransa Louis Braille katika karne ya 19. Kila herufi hutokana na nukta sita zilizopangwa katika safu mbili za nukta tatu tatu. Herufi 'a' ni nukta moja, 'b' ni mbili. Kabla ya kufunzwa herufi, sharti vidole vyake vizoeshwe kutofautisha vitu kwa kuvigusa, kama vile punje za mahindi na za maharagwe.

Aidha, si kila mwenye tatizo la macho anayehitaji nukta nundu. Mwenye uoni hafifu huenda akafaidika kwa miwani ifaayo, herufi kubwa zilizokolea wino, na nafasi ya kuketi karibu na ubao.

Kwa mtoto aliyezaliwa kiziwi, wimbo wa ba, be, bi hauna maana, kwani hajapata kuzisikia sauti zinazowakilishwa na herufi hizo. Anayemfundisha hana budi kuijua Lugha ya Ishara ya Kenya, ambayo ina sarufi yake yenyewe na wala si Kiswahili kinachosemwa kwa mikono. Humwonyesha mtoto picha, akatoa ishara yake, kisha akamwonyesha neno lililoandikwa. Mtoto aliyenyimwa ishara nyumbani huweza kufika shuleni bila lugha yoyote, na hapo kusoma huwa kugumu maradufu.

Yupo pia mwenye disleksia, ambaye ubongo wake hutatizika kuoanisha herufi na sauti. Palipoandikwa 'baba' huenda akasoma 'dada'. Wanaoanza kusoma wengi hukosea hivyo, lakini yeye huendelea kukosea wenzake wakiwa wamekwisha kusonga mbele. Huyu hasaidiwi kwa kiboko. Afunzwe herufi moja kwa wakati, aichore mchangani kwa kidole huku akiitamka, kisha aunganishe silabi zilizoandikwa kwenye vipande vya kadi. Bahati nzuri, Kiswahili husomwa jinsi kinavyoandikwa, na hilo humpunguzia mzigo.

Naye mwenye ulemavu wa akili huhitaji muda mrefu zaidi, marudio mengi na maneno atakayoyatumia maishani: jina lake, 'maji', 'choo', 'hatari'. Kuyatambua maneno hayo peke yake ni hatua kubwa ya kujitegemea.

Elimu ya msingi bila malipo ilipoanzishwa mwaka wa 2003, shule za kawaida zilifungua milango kwa watoto wengi zaidi, wakiwemo wenye ulemavu. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 54, inawapa walemavu haki ya kupata elimu na ya kutumia lugha ya ishara na nukta nundu. Lakini haki hiyo haina faida kwa mtoto ambaye hakuna aliyegundua tatizo lake.

Ndiyo maana wazazi wanahimizwa kuwapeleka watoto mapema katika vituo vya kutathmini mahitaji maalum, ambavyo vilianza kuhudumu nchini mwaka wa 1984. Walimu nao wanaweza kupata mafunzo katika Taasisi ya Elimu Maalum (KISE) jijini Nairobi, iliyoanzishwa mwaka wa 1986.

Kabla ya kumwita mtoto mjinga, mzazi na mwalimu wajiulize: Je, anaona? Anasikia? Ni herufi gani zinazomtatiza? Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayomwonyesha mwalimu pa kuanzia.