Somo la Redio: Kupanga Safari ya Algarve, Pwani ya Kusini ya Ureno

MWALIMU: Mlio pamoja na mwalimu wenu, sogeeni karibu na redio. Na wewe uliye peke yako nyumbani, tuko pamoja nawe. Kila mtu awe na daftari na kalamu. Penye ramani ya Ulaya, itundikwe ukutani.

Leo tutajifunza kupanga safari. Tuseme mwanao anafanya kazi Lisbon, mji mkuu wa Ureno. Amekuandikia, "Mama, njoo unitembelee, kisha ushuke mpaka Algarve uione pwani ya kusini." Fedha za safari kama hiyo huwekwa akiba kwa miaka mingi, na pengine nafasi haitarudi tena. Basi haifai kuondoka huku ukisema, "Mambo yote nitayaona huko huko." Mwenye kusema hivyo hupoteza siku zake stesheni na fedha zake katika teksi, akarudi nyumbani ameona mchanga tu. Safari njema huanza mezani, kwa kalamu na karatasi.

Algarve ni wapi?

Tazameni ramani. Ureno iko pembe ya magharibi ya Ulaya, ubavuni mwa Hispania. Sehemu yake ya chini kabisa, inayotazama kusini kwenye Bahari ya Atlantiki, ndiyo Algarve. Kutoka mpaka wa Hispania hadi rasi ya São Vicente, yaani mashariki hadi magharibi, ni kama kilometa 150. Si nchi kubwa. Mtu aliyejipanga aweza kuiona vizuri kwa siku saba.

Jina lenyewe ni la Kiarabu: al-Gharb, maana yake upande wa machweo. Neno letu "magharibi" limetoka katika shina hilo hilo. Waislamu walitawala huko tangu karne ya 8, hata mwaka 1249 mfalme Afonso wa Tatu wa Ureno alipouteka mji wa Faro.

Jambo la kwanza: kuchagua wakati

Algarve hupata kama saa 3,000 za jua kwa mwaka. Haya, fanyeni hesabu: gawanyeni 3,000 kwa siku 365.

(Kimya kidogo. Wanafunzi waandike.)

Jawabu ni zaidi kidogo ya saa 8 kwa siku. Lakini msidanganyike. Jua la Januari huko si jua la kwetu. Usiku huo mtu hutaka sweta na blanketi, na mvua nyingi hunyesha kati ya Novemba na Januari. Julai na Agosti ni joto, lakini watalii hujaa, na hoteli hupandisha bei. Kwa hiyo miezi ya kufaa ni Mei, Juni, Septemba na Oktoba. Jua lipo, nafasi ipo, na bei ni nafuu. Hata hivyo maji ya bahari ni ya baridi. Mtu aliyezoea kuoga katika Bahari ya Hindi atashtuka.

Jambo la pili: karatasi za safari

Andikeni orodha hii katika daftari.

Kwanza, paspoti. Iwe na nguvu kwa miezi 3 zaidi baada ya siku ya kuondoka Ulaya. Pili, viza. Ureno imo katika mapatano ya nchi za Ulaya yaitwayo Schengen, na viza moja ya mapatano hayo hutumika katika nchi zote zilizomo. Kwa viza hiyo mgeni hawezi kukaa zaidi ya siku 90 katika kila siku 180. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasipelekwe zikiwa zimebaki pungufu ya siku 15. Usingoje hata siku hizo 15. Tatu, bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Nne, barua ya mwenyeji wako, au hati ya hoteli. Tano, ushahidi kwamba una fedha za kutumia, na kwamba una jambo la kukurudisha nyumbani, kama vile kazi, shamba au jamaa.

Angalieni tena jambo moja. Ada ya viza hairudishwi ukikataliwa. Kwa hiyo soma kila mstari wa fomu kabla ya kutia sahihi. Usimpe mtu mwingine akujazie mambo usiyoyajua.

Jambo la tatu: njia na mahali pa kulala

Kutoka Lisbon hadi Faro kwa treni ya haraka ni kama saa tatu. Faro ndio mji mkuu wa Algarve. Huko iko reli nyingine, inayokwenda sambamba na pwani, kutoka Lagos upande wa magharibi mpaka Vila Real de Santo António upande wa mashariki. Reli hiyo ndiyo uti wa mgongo wa safari yetu.

Wageni wengi hukosea hapa: hubadili hoteli kila siku. Nusu ya siku huishia katika kufunga mizigo na kuibeba. Afadhali kuchagua vituo viwili tu, Faro na Lagos. Unaacha mzigo chumbani, unakwenda kutembea, na jioni unarudi.

Tena, si kila stesheni iko mjini. Stesheni ya Silves iko kama kilometa 2 kutoka mji wenyewe, na stesheni ya Albufeira iko mbali zaidi. Na Sagres haina reli kabisa. Huko mtu hupanda basi kutoka Lagos, mwendo wa kama saa moja. Ulizeni mapema, msije mkashushwa njiani na mzigo kichwani.

Jambo la nne: kusoma saa na siku

Hapa ndipo elimu yenu itakapofanya kazi. Ratiba ya treni huandikwa kwa saa 24, nazo huanzia usiku wa manane. Sisi huhesabu tangu jua kuchomoza. Basi shikeni kanuni hii: ukikuta namba 7 au zaidi, toa 6. Ukikuta namba 6 au pungufu, ongeza 6. Jawabu likizidi 12, toa 12 tena.

Mfano: ratiba imeandikwa 14:30. Toa 6 katika 14, inabaki 8. Basi treni itaondoka saa 8 na nusu mchana. Mfano mwingine: 21:00. Toa 6, inabaki 15. Toa 12 tena, inabaki 3. Ni saa 3 usiku. Sasa fanyeni wenyewe: 17:20 ni saa ngapi?

(Kimya kidogo.)

Vema. Ni saa 11 na dakika 20 jioni.

Siku nazo zina mtego. Wareno huhesabu siku kwa namba kama sisi, ila wao huanzia Jumapili, nasi huanzia Jumamosi. Jumatatu kwao ni "segunda-feira", yaani ya pili, na kwenye vibao huandikwa kwa kifupi 2.ª. Mtu akiona namba 2 asidhani ni Jumapili! Ongezeni moja: ya 2 ni Jumatatu, ya 3 ni Jumanne, ya 4 ni Jumatano. Ya 5 ni Alhamisi na ya 6 ni Ijumaa. Jambo hili lina maana, kwa sababu majumba mengi ya makumbusho hufungwa Jumatatu. Neno "fechado" likiandikwa mlangoni, maana yake pamefungwa. "Aberto" ni wazi. "Entrada" ni kuingia, na "saída" ni kutoka.

Jambo la tano: hesabu ya fedha

Fedha ya Ureno ni euro, na euro moja ni senti 100. Chora mistari katika daftari upate mafungu matano: nauli, malazi, chakula, viingilio, na dharura. Katika fungu la dharura weka sehemu moja ya kumi ya fedha zote, wala usiiguse ila kwa shida.

Mwenye umri wa miaka 65 au zaidi aonyeshe paspoti anapokata tiketi ya reli, maana wazee hulipa nusu ya nauli. Na hotelini wakiweka mkate na zeituni mezani bila kuagizwa, fahamuni kwamba si zawadi. Ukila, utalipa. Usipotaka, mwambie mtumishi aviondoe. Katika orodha ya vyakula tafuteni maneno haya: "peixe" ni samaki, "frango" ni kuku, "arroz" ni wali, na "porco" ni nguruwe, kwa yule asiyemla.

Mpango wa siku saba

Sasa tuuandike mpango wetu.

Siku ya 1: Lisbon hadi Faro. Jioni tembea katika mji wa kale ulio ndani ya kuta.

Siku ya 2: Treni hadi Tavira, mwendo usiofika saa moja. Huko mto hupita katikati ya mji, na karibu yake yapo mashamba ya chumvi. Maji ya bahari huingizwa katika vidimbwi, jua hukausha maji, na chumvi hubaki. Mashua huvusha watu mpaka kisiwani kwenye mchanga mweupe.

Siku ya 3: Hamia Lagos kwa treni. Tazama mji.

Siku ya 4: Basi hadi Sagres na rasi ya São Vicente. Hapo ndipo pembe ya mwisho ya bara la Ulaya, kusini magharibi. Pana mnara wa taa juu ya majabali marefu, na mbele yake ni maji matupu.

Siku ya 5: Treni hadi Silves. Mji huu ulikuwa makao makuu wakati wa Waislamu. Ngome yake ya mawe mekundu ingali imesimama, na ndani mna birika kubwa la maji walilolijenga.

Siku ya 6: Pumzika. Panda mashua uone mapango ya Ponta da Piedade, karibu na Lagos.

Siku ya 7: Rudi Lisbon. Treni hubadilishwa Tunes.

Kwa nini Lagos tumeipa siku nyingi?

Wageni wengi hufika Lagos kwa ajili ya bahari, nao hupita mbele ya nyumba moja uwanjani bila kuuliza. Nyumba hiyo huitwa Soko la Watumwa, na sasa ni makumbusho. Jengo lililopo ni la baadaye, lakini habari yake ni ya zamani zaidi. Tarehe 8 Agosti 1444, merikebu zilishusha Lagos watu 235 waliotekwa katika pwani ya Afrika Magharibi. Waligawanywa uwanjani mbele ya Henrique, mwana wa mfalme, akiwa juu ya farasi. Sehemu moja ya tano ilikuwa yake. Mwandishi wa mfalme, Gomes Eanes de Zurara, ameandika jinsi akina mama walivyowakumbatia watoto wao wasitengwe nao.

Mwaka 2009 palichimbwa mahali pa kujenga maegesho ya magari, nje ya ukuta wa zamani wa mji. Ikaonekana mifupa ya Waafrika zaidi ya 150. Walikuwa wametupwa jaani, na wengine dalili zilionyesha kwamba walifungwa kamba.

Safari hizo za merikebu ziliendelea kushuka kusini, mwaka baada ya mwaka. Mwezi wa Aprili 1498, miaka 54 baada ya siku ile ya Lagos, Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu, Mombasa. Walipoondoka walituachia maneno: meza, bendera, leso na gereza. Ukitembea Faro utaona kibao kimeandikwa "igreja". Usiogope, hilo si gereza. Ni kanisa. Neno letu limezaliwa na hilo lao.

Basi mtu wa kwetu akienda Algarve haendi mahali pasipomhusu. Nenda kwenye nyumba ile, soma majina na tarehe, kaa kimya kidogo. Ndiyo maana tuliandika mpango: asiyepanga hupita hapo siku imefungwa.

Onyo moja la mwisho

Majabali ya Algarve ni mazuri, lakini ni laini, nayo huvunjika. Mwezi wa Agosti 2009 jabali lilianguka ufukweni karibu na Albufeira, likaua watu 5 waliokuwa wamepumzika chini yake. Kibao chenye picha ya mawe yanayoanguka kina maana yake. Usitandike kanga yako chini ya jabali, hata kama kivuli chake ni kizuri na wengine wamekwisha kaa.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Ratiba imeandikwa 19:45. Ni saa ngapi kwa Kiswahili?
2. Makumbusho yana kibao "Fechado 2.ª". Siku gani usiende?
3. Mtu ana euro 900 za safari. Fungu la dharura ni euro ngapi?
4. Kwa nini ni bora kulala katika miji miwili kuliko sita?
5. Je, mji wenu una mahali ambapo wageni hupita bila kujua habari yake? Andikeni mistari mitano juu ya mahali hapo, na muisome wiki ijayo.

Hapo ndipo mwisho wa somo letu. Wekeni madaftari yenu vizuri. Kwaherini, mpaka wiki ijayo.