Stata ya ndege ikigoma, chunguza nyaya kabla ya kufungua mfuko

SAUTI hiyo inafahamika vyema na kila dereva wa matatu. Ufunguo unazungushwa, taa za dashibodi zinafifia, mlio mmoja mkavu unasikika, na injini haitikisiki. Barabarani, abiria wachache wenye nguvu watashuka na kusukuma gari hadi liwake. Ndege haisukumwi ikawaka. Na kwa yule aliyeiunda ndege yake mwenyewe nyumbani, hakuna hata mchoro wa kiwanda wa kumwonyesha waya upi unaelekea wapi, kwani nyaya zote alizitandaza yeye.

Nchini Marekani, watu wa aina hiyo ni wengi mno. Chama chao, EAA, kilianzishwa na Paul Poberezny mjini Milwaukee mnamo 1953, na tangu 1970 maonyesho yake makuu yamekuwa yakiandaliwa Oshkosh katika jimbo la Wisconsin. Sheria za huko humtaka mwundaji afanye mwenyewe zaidi ya nusu ya kazi, kisha anaweza kupewa cheti cha kuikagua ndege yake kila mwaka. Kampuni ya Van's Aircraft ya jimbo la Oregon imepata sifa kubwa kwa vipuri vyake vya kujiundia. Hata Nigeria iliitumia ndege yake ya RV-6A kuwa msingi wa ndege ya mafunzo iliyoitwa Air Beetle, katika miaka ya themanini.

Uhuru huo una gharama yake. Stata inapogoma, mwenye ndege ndiye fundi, na jambo la kwanza linalomjia akilini ni kununua betri mpya. Isipowaka, hununua stata mpya. Mara nyingi vyote viwili vilikuwa vizima.

Ili kuelewa sababu, ni vyema kuifuata safari ya umeme. Kutoka ncha chanya ya betri, umeme huingia katika kontakta kuu, yaani swichi nzito inayofungwa kwa nguvu za sumaku, kisha katika kontakta ya pili ya stata, halafu katika stata yenyewe. Wengi huishia hapo katika hesabu yao. Wanasahau kwamba ni lazima umeme urudi ulikotoka: kutoka bodi ya stata hadi kwenye injini, kutoka injini hadi kwenye fremu ya ndege, na kutoka fremu hadi ncha hasi ya betri. Njia ya kurudi hubeba mkondo ule ule, na ndiyo inayopuuzwa zaidi.

Mkondo wenyewe si mdogo. Stata ya injini ya silinda nne inaweza kuhitaji ampea 200, na hata zaidi inapoanza kuzunguka. Kwa mkondo wa kiasi hicho, ukinzani wa omu 0.01 pekee hunyang'anya volti 2 kati ya 12 zilizopo. Ukinzani huo unaweza kuletwa na nati moja iliyolegea au rangi iliyoachwa chini ya washa. Lakini taa na redio, ambazo hutumia ampea chache tu, zitaendelea kufanya kazi kana kwamba hakuna kilichoharibika. Hapo ndipo fundi hudanganyika.

Kabla ya kugusa chochote, kuna hatari ambayo dereva wa gari hana. Injini nyingi za ndege ndogo hupata cheche za plagi kutoka kwa magineto, mtambo usiotegemea betri kamwe. Swichi ya rubani huizima magineto kwa kuiunganisha na bodi ya injini kupitia waya mwembamba. Waya huo ukikatika, magineto hubaki hai hata ufunguo ukiwa mfukoni, na rafadha, au panga boi kama wengi wanavyoiita, ikisukumwa kidogo tu injini inaweza kuwaka na kumkata aliyesimama mbele yake. Kwa hivyo ndege ifungwe kwa kamba, magurudumu yawekewe vizuizi, mafuta yafungwe, na nyaya za plagi zote zitolewe. Mita ya umeme iunganishwe kwa nyaya ndefu zenye vibanio ili mkono wa mtu usikaribie rafadha wakati wa kupima.

Kipimo chenyewe ni rahisi, na fundi yeyote wa Grogan jijini Nairobi anaweza kukifanya kwa gari pia. Mita huwekwa katika volti, vibanio vikashikishwa kwenye ncha za betri zenyewe, si kwenye vishikizo vya nyaya. Betri ya asidi iliyojaa huonyesha takriban volti 12.6 ikiwa imepumzika. Mwenzako aliye ndani ya ndege abonyeze kitufe cha stata kwa sekunde tatu au nne. Volti zikiporomoka chini ya 9, shuku betri, au stata iliyokwama na kumeza umeme kupita kiasi. Zikibaki juu ya 11 na stata haizunguki, betri haina hatia. Umeme haufiki unakotakiwa.

Hatua inayofuata ni kupima kila kipande cha njia, huku kitufe kikibonyezwa: kibanio kimoja mwanzo wa kipande, kingine mwisho wake. Kipande kizima kitaonyesha sehemu chache za kumi za volti. Kibovu kitajifichua kwa kuonyesha volti nzima au zaidi. Kupima ukinzani kwa mita ya kawaida, kama wengi wanavyofanya, ni kupoteza wakati, kwa sababu mita hiyo haiwezi kuona omu 0.01.

Pima njia ya kurudi kwanza. Injini ya ndege hukaa juu ya mipira ya kupunguza mtetemo, na mpira haupitishi umeme. Kinachoiunganisha na fremu ni mkanda mmoja wa shaba. Mkanda huo ukilegea, umeme hutafuta njia nyingine, na huipata katika kebo za chuma anazotumia rubani kuongeza mafuta. Kebo hizo huchemka, hutoa moshi, na zinaweza kukwama. Mwenye ndege anayeona moshi huo hudhani hitilafu iko kwenye kebo.

Katika ndege zilizoundwa kwa nyuzi za kioo, kama Long-EZ iliyobuniwa na Burt Rutan na kuruka mara ya kwanza mnamo 1979, fremu haipitishi umeme kabisa. Injini iko nyuma, na betri mara nyingi huwekwa puani ili kusawazisha uzito. Kwenda na kurudi, waya waweza kufika mita 8. Ukiwa wa shaba wa milimita mraba 21, ampea 200 zitapoteza takriban volti 1.3 humo, wa milimita mraba 35 utapoteza takriban 0.8. Si ajabu kwamba wengi walioziunda hawakuweka stata, wakachagua kuzungusha rafadha kwa mkono.

Kontakta nazo zina hila zake. Ya betri imetengenezwa kubaki imefungwa saa nyingi, ilhali nyingi za stata ni za sekunde chache tu, na kwa macho zinafanana kama pacha. Ile ya stata ikiwekwa mahali pa kontakta kuu, koili yake huungua. Ikilia na kisha kupoteza volti nyingi kati ya bolti zake mbili, vigusio vyake vya ndani vimeungua. Isipolia kabisa, chunguza waya mwembamba na swichi ya ufunguo, ambayo huharibiwa na cheche za koili iwapo hakuna diodi ya kuzimeza. Mbaya zaidi ni vigusio kushikana, stata ikaendelea kuzunguka baada ya kitufe kuachiliwa. Taa ndogo ya onyo upande wa stata humjulisha rubani azime swichi kuu mara moja.

Injini za Rotax 912 huleta utata wa aina nyingine. Cheche zake hutoka kwa mitambo ya kielektroniki inayohitaji injini izunguke takriban mara 220 kwa dakika. Volti zikipungua, stata huzunguka lakini polepole, injini haiwaki, na lawama huelekezwa kwa mafuta. Kisha mtu hushikilia kitufe kwa hasira, ilhali mtengenezaji huruhusu sekunde 10 pekee, na dakika 2 za kupoa.

Ipo pia ndege inayowaka vizuri asubuhi na kugoma baada ya kutua mahali kuongeza mafuta. Joto huongeza ukinzani wa shaba: kutoka nyuzi 20 hadi 100 za Selsiasi, huzidi kwa karibu thuluthi moja. Muungano uliokuwa ukivumilika asubuhi sasa haufai. Vipimo vifanywe injini ikiwa moto hivyo hivyo, na volti za kila kipande ziandikwe kwenye daftari la ndege pindi kila kitu kinapofanya kazi, ili siku nyingine kuwe na cha kulinganisha.