Ufa mrefu kwenye kioo cha mbele: kabla hujamwambia mwenye magari kumi "inawezekana", pima kwanza



Leo naongea na wale tunaouza huduma ya kuziba nyufa za vioo vya magari kupitia WhatsApp na Instagram. Wengi tumeanza na magari ya watu binafsi, kishimo kidogo cha jiwe, dakika 30 umemaliza. Ila pesa ya kueleweka iko kwa mteja mwenye magari mengi: Noah za abiria, Canter za mizigo, Fuso, magari ya kampuni. Huyu ukimpata unakula naye mwaka mzima. Ukimkosea mara moja, umekosa magari yote kwa siku moja. Mimi imenitokea.

Mwaka jana tajiri mmoja mwenye Canter sita za kusambaza vinywaji alinitumia picha ya kioo. Picha imepigwa kwa mbali, jua linawaka, ufa unaonekana kama uzi. Nikajibu fasta, "Inawezekana bosi." Tumefika yadi na fundi, kumbe ufa umetoka ukingo wa kulia mpaka wa kushoto, umekaa miezi, dereva anaosha kwa sabuni kila asubuhi. Uchafu umeshaingia ndani. Nikaona aibu kukataa, tukaziba. Wiki ya tatu gari liko safarini, ufa ukafunguka na kutanuka. Tajiri akanipigia, wala hakufoka. Akasema, "Dogo, ungeniambia haiwezekani ningebadili kioo Jumapili. Sasa gari limelala njiani na mzigo wa watu."

Pesa nilimrudishia. Zile Canter tano zingine sikuziona tena.

Nilichojifunza: mwenye magari mengi hanunui gundi, ananunua siku ya gari kuwa barabarani. "Hapana" ya mapema inamsaidia apange. "Ndiyo" ya uongo inamlaza gari siku asiyoipanga.

KWANZA UELEWE KIOO CHENYEWE

Kioo cha mbele ni vioo viwili vilivyobanwa na plastiki katikati. Ndio maana jiwe likipiga hakimwagiki chini kama cha mlangoni. Mara nyingi kinachopasuka ni kile cha nje tu, na hapo ndipo kazi yetu ilipo. Vioo vya pembeni ni vya aina nyingine, vikipasuka vinakuwa punje. Mteja akikuuliza hivyo, mwambie abadili, usimzungushe.

Ufa ukizidi kama sentimita 15 tayari ni ufa mrefu, sio kazi ya kishimo. Marekani wana kiwango kinaitwa ROLAGS, kinaruhusu kuziba ufa mpaka inchi 14, yani kama sentimita 35. Mi natumia hiyo kama mwisho wangu. Ikizidi hapo, nashauri kubadili.

SEMA HAPANA KAMA:

1. Ufa uko mbele ya macho ya dereva. Hata ukizibwa vizuri alama inabaki kidogo, na usiku taa za gari la mbele zikipiga pale zinasumbua.
2. Ufa umegusa ukingo zaidi ya mmoja wa kioo.
3. Kioo cha ndani nacho kimepasuka. Pitisha kucha upande wa ndani, ikikwama, acha.
4. Plastiki ya katikati imechanika au imeanza kuwa nyeupe.
5. Ufa ni wa zamani, una vumbi, mafuta au sabuni ndani. Gundi haishiki kwenye uchafu.

PICHA ZA KUOMBA KABLA YA KUTAJA BEI

Usikubali picha moja. Mwombe dereva picha tatu: kioo kizima kutoka mbele, ufa kwa karibu, na moja akiwa amekaa kwenye usukani ili uone ufa uko wapi kwa macho yake. Kwenye ile ya karibu aweke rula, au karatasi ya A4. Upande mrefu wa A4 ni karibu sentimita 30. Ufa ukizidi karatasi, ujue uko kwenye mpaka, nenda ukapime mwenyewe.

Mwambie pia abandike selotepu juu ya ufa mpaka utakapofika, asioshe kioo, na asipulize AC ya baridi kwenye kioo kilichochomwa na jua. Hiyo inafanya ufa ukimbie.

KAZI YENYEWE

Hata kama wewe sio fundi, jua anachofanya ili usidanganywe. Gari liwe kivulini, kioo kikavu na kisiwe cha moto. Anatoboa kitundu kidogo mwisho wa ufa, kioo cha nje tu, ili usiendelee kukimbia. Anajaza gundi polepole mpaka hewa yote itoke. Palipo wazi panataka gundi nzito, nchani nyepesi. Anafunika kwa plastiki nyembamba, anaweka taa ya UV ikauke, anakwangua na kung'arisha. Ufa mrefu hauendi haraka kama kishimo, kwa hiyo usiahidi dakika 30. Fundi akikazania kufanya juani saa saba mchana, mzuie. Jua lenyewe lina UV, gundi itakauka kabla haijafika ndani.

UNAVYOMUUZIA MWENYE MAGARI

Usianze na bei yako, anza na hesabu yake. Mfano tu: gari linaleta hesabu ya 80,000 kwa siku. Likilala siku mbili kusubiri kioo, ni 160,000, bado hujanunua kioo. Hapo bei yako anaielewa bila kubembelezwa.

Nenda yadi siku magari yamepaki, kagua yote kwa pamoja. Mwandikie karatasi: namba ya gari, urefu wa ufa, zibwa au badili. Piga picha kabla na baada. Dhamana iandike: ufa ukiendelea ndani ya muda mliokubaliana, pesa inarudi. Kampuni nyingi zitataka ankara na risiti ya EFD, kwa hiyo mambo yako na TRA yaweke sawa kabla hujagonga geti lao.

Mteja wangu wa sasa ana Noah tano. Siku ya kwanza nilimwambia mbili abadili vioo, tatu nitaziba. Nikakosa pesa ya mbili. Ila sasa dereva wake jiwe likimpiga tu, picha inaingia kwangu siku hiyohiyo, kikiwa bado kishimo. Hiyo ndiyo kazi rahisi kuliko zote.

Kazi njema wadau. Leo kabla hujajibu mteja, omba ile picha yenye rula.