Palm Springs: Baa Kongwe za Jangwani na Hesabu Zake

Tarehe 5 Julai 2024, joto la Palm Springs lilifika nyuzi 51 za Selsiasi. Ilikuwa rekodi mpya hata kwa mji huu wa kitalii uliojengwa jangwani, kusini mwa California. Katika wiki za namna hiyo wapo wenye baa wanaofunga milango na kuwapa wafanyakazi likizo, kwa sababu hata mgeni mwenye fedha zake hathubutu kutembea barabarani. Njoo Februari uone tofauti. Vyumba vya hoteli vimejaa, meza za baa kongwe zimeshawekewa oda, na makundi ya wageni yanapishana katika barabara ya Palm Canyon Drive yakihama kiwanja kimoja kwenda kingine hadi usiku wa manane. Mwenye baa hapa huanza kupumua Oktoba, na Januari hadi Aprili ndiyo miezi anayoitegemea kuubeba mwaka mzima. Wenye hoteli za Nungwi na Paje, Zanzibar, wanaofunga wakati wa masika wanaijua vizuri hesabu hii.

Mji wenyewe ni mdogo. Sensa ya 2020 ilihesabu wakazi wasiofika 45,000. Lakini mwaka 2023 uwanja wake wa ndege ulipitisha abiria zaidi ya milioni 3, achilia mbali wanaokuja kwa magari kutoka Los Angeles, safari ya saa mbili hivi kama foleni ina huruma. Wengi wanafuata jua, gofu na maji ya moto ya chemchemi. Kundi linalonivutia mimi ni la wale wanaokuja kunywa glasi moja moja katika kumbi zilizokuwa maarufu miaka 50 au 70 iliyopita. Mgeni wa namna hii anadhani ananunua kinywaji. Kwa kweli ananunua chumba: taa hafifu, kaunta iliyochakaa kwa viwiko vya watu, na uhakika kwamba mtu fulani mashuhuri aliwahi kukaa palepale.

Hesabu inaonyesha hivyo. Katika biashara ya baa Marekani, kilevi kilichomo ndani ya glasi hugharimu takriban moja ya tano ya bei ya kokteli. Kinachobaki huenda kwenye mishahara, pango, bima, umeme wa viyoyozi ambao jangwani si mchezo, na faida ikiwapo. Sasa weka kando ya hapo upande wa mteja. Kokteli ya dola 18 huongezewa kodi ya mauzo ya asilimia 9.25, kisha bakshishi ambayo desturi ya huko huiweka karibu na asilimia 20. Glasi hiyo moja imeshamtoka dola 23. Hakuna ramu wala jini inayostahili fedha hizo yenyewe. Ukumbi ndio unaozistahili, na ndiyo maana ukumbi ukivunjwa biashara haihamishiki.

Historia ya baa hizi inaanza na sheria. Marufuku ya pombe Marekani ilifutwa Desemba 1933, na mwaka uliofuata waigizaji wawili wa Hollywood, Charles Farrell na Ralph Bellamy, wakafungua klabu ya tenisi ya Racquet Club, yenye baa iliyoitwa Bamboo Lounge. Mwaka huohuo, katika Cathedral City jirani, Al Wertheimer, mtu wa genge la Detroit lililoitwa Purple Gang, akafungua Dunes Club, nyumba ya kamari iliyokaa nje kidogo ya mji wa matajiri. Baadaye ikaja Chi Chi, klabu ya usiku yenye jukwaa kubwa, iliyoleta waimbaji wakubwa wa zama zake. Frank Sinatra akajenga nyumba mjini mwaka 1947, na marafiki zake wakafuata. Mwigizaji aliyefanya kazi Los Angeles wiki nzima aliweza kuwa hapa Ijumaa jioni, mbali na wapiga picha lakini karibu na studio. Umbali huo wa saa mbili ndio mtaji wa kwanza wa Palm Springs.

Kati ya majina hayo, mengi hayapo tena. Chi Chi ilibomolewa miaka ya 1970. Racquet Club ilifungwa, ikaachwa, ikaungua. Desert Inn, hoteli ambayo Nellie Coffman aliianzisha mwaka 1909 na ambayo ndiyo iliyoufungua mji kwa utalii, iliangushwa miaka ya 1960 ili kupisha jengo la maduka. Maduka hayo yakafa, nayo yakabomolewa. Leo pamejengwa hoteli nyingine. Mji ulipoteza hoteli yenye miaka zaidi ya 50 ya historia, ukapata maduka ambayo hayakudumu, halafu ukarudi kulekule kwenye hoteli. Mwekezaji yeyote anayetaka kubomoa jengo kongwe la wageni angefaa kuoneshwa kiwanja hicho kwanza.

Kilichookoa baa na hoteli zilizobaki ni umaskini. Kuanzia miaka ya 1970 fedha za gofu zilihamia Rancho Mirage na Indian Wells, na matajiri wakahama nazo. Palm Springs ikabaki na wazee, na kila likizo ya machipuko ikavamiwa na wanafunzi wa vyuo, ambao mwaka 1986 walifanya fujo hadi mwimbaji Sonny Bono, aliyechaguliwa meya miaka miwili baadaye, akaamua kuwafukuza kwa masharti. Mji ulidorora kiasi kwamba hapakuwa na faida ya kubomoa. Nyumba na hoteli za mtindo wa kisasa wa miaka ya 1950 zilisimama tu, zikisubiri mnunuzi. Wanunuzi walipokuja miaka ya 1990, walikuja wakizipenda jinsi zilivyo. Tamasha la Modernism Week, linalofanyika kila Februari tangu 2006, limeligeuza pendo hilo kuwa msimu wa biashara. California nayo ina sheria ya mwaka 1972, iitwayo Mills Act, inayompunguzia kodi ya jengo mwenye mali ya kihistoria anayekubali kuitunza. Hapo ndipo serikali ilipoweka mkono wake mahali sahihi.

Mfano ulio hai kuliko yote ni Melvyn's, baa na mgahawa ndani ya hoteli ya Ingleside Inn. Jengo lilikuwa makazi ya familia tajiri miaka ya 1920, kisha likawa hoteli ya siri ya watu wakubwa chini ya mmiliki wake Ruth Hardy. Mwaka 1975 likanunuliwa na Mel Haber, mfanyabiashara wa New York aliyekuwa akiuza vikorokoro vya kupambia magari na asiyejua lolote la hoteli. Haber mwenyewe alipenda kusimulia kwamba siku za mwanzo alimzuia mlangoni mtu mwenye pikipiki na sura ya kihuni, kumbe ni mwigizaji Steve McQueen. Mwaka uliofuata Sinatra alikula hapo chakula cha jioni ya kuamkia harusi yake na Barbara Marx. Baada ya hapo Haber hakuhitaji tena matangazo ya kulipia.

Haber alifariki 2016, na hoteli sasa ni ya kundi la PlumpJack, lenye asili yake katika duka la mvinyo la San Francisco lililoanzishwa na Gavin Newsom, aliyekuja kuwa gavana wa jimbo. Kampuni kubwa inaponunua baa ya mtu mmoja, kwa kawaida kinachofuata ni rangi mpya na menyu mpya. Hapa walikarabati vyumba lakini wakaiacha roho ya Melvyn's: wahudumu wenye suti, piano, na nyama inayowashwa moto wa brandi kando ya meza ya mteja. Huduma ya namna hiyo ni ghali, kwa kuwa inamfunga mtu mmoja mezani kwa dakika kadhaa, na California hairuhusu mwajiri kuihesabu bakshishi kama sehemu ya mshahara. Kima cha chini kilikuwa dola 16.50 kwa saa mwaka 2025. Wamekubali gharama hiyo kwa sababu wanajua bila huyo mhudumu wanabaki na mgahawa wa kawaida wenye picha ukutani.

Kaskazini kidogo, kwenye Palm Canyon Drive, kuna somo la aina nyingine. Baa ya Bootlegger Tiki ilifunguliwa 2014 mahali ambapo mwaka 1953 palifunguliwa tawi la baa za Don the Beachcomber. Mwanzilishi wa jina hilo, Ernest Gantt, alianza Hollywood mara tu marufuku ilipofutwa, akatumia ramu kwa kuwa wakati ule ilikuwa rahisi kuliko wiski, akaichanganya na ndimu, viungo na asali, akaiuza kama safari ya visiwa vya Pasifiki kwa watu ambao wasingefika huko kamwe. Aliogopa kuibiwa hadi mapishi yake akayaandika kwa namba za siri, mhudumu wa kaunta akajua kumimina kutoka chupa namba fulani bila kujua ndani yake mna nini. Kinywaji chake kikali kiitwacho Zombie mteja aliruhusiwa glasi mbili tu, na katazo hilo lenyewe likawa tangazo.

Lakini aliyezifanya baa hizo kuwa kampuni ni mkewe, Sunny Sund. Walipoachana, haki za jina katika bara la Marekani zilibaki kwake, naye Gantt akahamia Hawaii. Tawi la Palm Springs ni kazi ya mwanamke huyo. Wageni wanaokunywa pale leo husimuliwa habari za mume. Ningependa wasimuliwe na za mke, maana kubuni kinywaji ni kipaji, ila kuendesha matawi, kusimamia ununuzi na kulinda jina ni biashara.

Upande wa kusini kuna Purple Room, ukumbi wa muziki na chakula wa mwaka 1960 unaohusishwa na Sinatra na wenzake, na hoteli ya Caliente Tropics ya 1964, iliyojengwa kwa mtindo uleule wa visiwa. Anayetaka tekila ana Las Casuelas, mgahawa wa familia ya Kimeksiko uliofunguliwa 1958.

Kwa nini mtu mwenye fedha asifungue baa mpya kumi akashindana na hizi? Leseni ndiyo kizuizi. California huweka ukomo wa leseni mpya za kuuza vileo vikali vya kunywewa papo hapo: moja kwa kila wakazi 2,000 wa kaunti. Katika kaunti iliyojaza idadi yake, anayetaka kuingia husubiri bahati nasibu ya serikali au hununua kwa anayetoka, kwa bei ya soko. Leseni ya baa kongwe kwa hiyo ni mali inayoweza kuuzwa hata siku biashara inapokufa. Zaidi ya hayo, tangu 2022 kila anayemimina au kupeleka kileo lazima awe na cheti cha mafunzo ya kuuza kwa uwajibikaji, na sheria inamkataza kumuuzia mtu aliyekwisha kulewa.

Iko sehemu ya historia hii ambayo haiuzwi kwenye menyu. Ardhi ya Palm Springs imegawanywa vipande vipande kama ubao wa drafti, sehemu yake ikiwa ya Wenyeji wa Marekani wa kabila la Agua Caliente Cahuilla. Kipande kimojawapo, Section 14, kiko kando kabisa ya katikati ya mji. Ndiko walikoishi wapishi, wasafishaji na wajenzi, wengi wao Weusi na Walatino, waliozihudumia hoteli na baa hizo katika enzi zinazoitwa za dhahabu. Mwaka 1959 Kongresi iliruhusu ardhi ya kabila ikodishwe hadi miaka 99, thamani yake ikapanda, na wakazi wakaondolewa, nyumba zao zikabomolewa na kuchomwa moto. Novemba 2024 halmashauri ya mji iliidhinisha kuwalipa waathirika na warithi wao dola milioni 5.9. Mji unaokula kwa kumbukumbu una wajibu wa kukumbuka yote, na nionavyo mimi, baa inayotundika picha ya Sinatra ina nafasi ukutani ya kumweka na mpishi wake.

Kwa anayepanga mzunguko wake: chagua viwanja vitatu, visizidi. Wenye baa hawawapendi watu kumi wanaoingia bila taarifa, wakakalia viti saa nzima kwa glasi moja moja na kuondoka bila kula, kwa sababu kiti ndicho wanachouza. Weka oda, kula katika mojawapo, na nenda siku za katikati ya wiki, ambapo kiti kisicho na mtu ni hasara yao na mteja hupokelewa vizuri zaidi. Anza Melvyn's saa kumi na moja jioni kabla ya umati, nenda Purple Room usiku kwa chakula na muziki, na vinywaji vya ramu vya Bootlegger viache mwisho, glasi moja tu, kwani utamu wake huficha ukali. Hakikisha kabla ya safari kwamba mahali unapopataka pako wazi, hasa kati ya Juni na Septemba. Melvyn's na Bootlegger hazipishani kwa zaidi ya kilomita tatu, lakini Purple Room iko mbali kwa miguu. Gari liache hotelini: kikomo cha kilevi kwa dereva ni asilimia 0.08 ya damu, na kokteli mbili kali zinaweza kukufikisha hapo. Baa za California huacha kuuza saa nane usiku, kwa hiyo agiza teksi kabla ya saa hiyo.