Fahamu: Suluhu ya PGA na LIV katika Gofu

Tarehe 6 Juni 2023, mahasimu wawili wa gofu ya kulipwa, PGA Tour ya Marekani na LIV iliyogharimiwa na hazina ya uwekezaji ya Saudi Arabia, walitangaza azma ya kuunganisha biashara zao na kufuta kesi zao mahakamani. Jay Monahan, mkuu wa PGA Tour wakati huo, ambaye mwaka uliotangulia aliwafungia waliohamia LIV, sasa aliketi mbele ya kamera za televisheni pamoja na Yasir Al-Rumayyan, gavana wa hazina hiyo, ilhali wachezaji wengi walipata habari mitandaoni. Muda wa kukamilisha mapatano, 31 Desemba 2023, ulipita bila mkataba. Katika sakata hili, waliodhulumika hasa ni wachezaji waliokataa mamilioni ya LIV kwa uaminifu wao kwa PGA Tour. Hao walistahiki kushauriwa kwanza.