Benki na biashara ya ahadi nyakati za msukosuko

MNUNUZI wa alizeti au mpunga wa Kintinku, wilayani Manyoni, akienda benki hufuata fedha taslimu. Lakini benki huuza pia ahadi: dhamana ya zabuni, dhamana ya kutekeleza mkataba, LC ya kuagizia mali nje, na mkopo ulioidhinishwa ambao mteja hajauchukua. Ahadi hizi hukaa nje ya mizania mpaka siku benki itakapotakiwa kulipa.

Uchumi unapoyumba, mambo matatu huzisukuma zipande.

Kwanza ni kuaminiana. Muuzaji aliyezoea kutoa bidhaa kwa mali kauli sasa hudai karatasi ya benki.

Pili ni mtaji. Kwa kanuni za Basel za mwaka 1988, mkopo wa shilingi milioni 100 kwa kampuni ulihitaji mtaji wa milioni 8. Dhamana ya kutekeleza mkataba ya kiasi hicho ilihitaji milioni 4, na LC ya muda mfupi inayolindwa na shehena milioni 1.6 tu. Benki yenye mtaji mwembamba huona nafuu iko wapi.

Tatu ni ada. Mikopo ikichacha, ada ya dhamana huingia bila benki kutoa fedha.

Hata hivyo, biashara ikisinyaa ahadi nazo hupungua. Mwaka 2009 ujazo wa biashara ya bidhaa duniani ulishuka kwa takriban asilimia 12. Na mwishoni mwa 2008, makampuni ya Marekani yalikimbilia kuchukua mikopo yaliyokuwa yameahidiwa. Ahadi zikageuka madeni ndani ya mizania, na waombaji wapya wakabanwa.

Hapa nchini, wanunuzi wa pamba waliokopa msimu wa 2008/09 walikumbwa na kuporomoka kwa bei ya dunia. Juni 2009, mjini Dodoma, Rais Jakaya Kikwete alitangaza mpango wa takriban shilingi trilioni 1.7 wa kunusuru uchumi. Sehemu yake ilifidia hasara za wanunuzi, na nyingine ilikuwa dhamana ya Serikali kwa mikopo iliyosogezwa mbele. Dhamana hiyo haikufuta deni. Ilimweka mlipa kodi nyuma ya mkopaji.

Mfanyabiashara anayechukua dhamana aulize mapema: benki itashikilia amana yake kiasi gani, dhamana inakwisha lini, na je, hulipwa mara tu mdai anapodai? Fedha iliyoshikiliwa msimu wa mavuno hainunui hata gunia moja.

Mwenye hisa za benki katika Soko la Hisa la Dar es Salaam naye asiishie kwenye faida. Asome maelezo ya hesabu kuhusu dhamana na ahadi, azilinganishe na mtaji. Zikikua haraka kuliko mtaji wakati biashara imelala, aulize sababu. Ahadi ni deni, hata kama haijaandikwa kwenye mizania.